Miaka Sita ya Shangazi Ummulkheir

Niseme mapema ili nisijifanye mwema: hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na homa, sikulewa, wala hakuna aliyenitia maneno kinywani. Nilisimama kwa miguu yangu miwili katika ukumbi wa jamii wa Ukunda, nikapewa kipaza sauti, nikamuuza shangazi yangu kwa kicheko cha watu wasiozidi mia mbili.

Ilikuwa mwezi wa Machi. Kamati ilikuja kutoka Nairobi kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mswada wa malipo ya uzeeni. Mswada wenyewe ulikuwa mnene, na sidhani kama mle ndani kulikuwa na mtu aliyeusoma hadi mwisho, lakini mambo mawili kila mtu aliyajua. La kwanza, umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma utoke miaka sitini uende sitini na mitano. La pili, vijana watakaoajiriwa sasa wakatwe zaidi kila mwezi ili mfuko wa pensheni usikauke. Kwenye viti vya mbele walikaa wastaafu na waliokaribia kustaafu, kanzu zimenyooka, mashati yamepigwa pasi. Sisi tusio na kazi tulisimama ukutani nyuma, maana tulikuwa tumepitia vibaruani kwanza na viti vilikuwa vimekwisha.

Kibarua changu kilikuwa kutandika taulo kwenye vitanda vya jua katika hoteli moja Galu. Nina stashahada ya uuguzi. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka mitatu nyuma, na kwa miaka hiyo mitatu nilituma maombi ya kazi mpaka dada wa saiba nilikochapishia karatasi akazijua alama zangu za mtihani kwa moyo. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa lile lile, kwamba nafasi hazipo, watu bado wamo ndani. Nikajenga chuki na hao watu waliomo ndani. Nikiwaza juu yao sikuwapa sura. Ingenibidi niwape sura ya shangazi, na hilo sikulitaka.

Mzee Mwinga, mwalimu mkuu mstaafu, alizungumza kabla yangu. Alituambia vijana tuna papara, kwamba wao walingoja zamu yao na sisi tungoje yetu, kwamba mtu wa miaka sitini bado ana nguvu za kufanya kazi na kuwafundisha wadogo. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Rafiki yangu Kalama, aliyekuwa akipanga wasemaji wa upande wa vijana, akanisukuma mbele.

Nikasema, "Waheshimiwa, mnatuuliza kama wazee waongezewe miaka mitano. Wengine wamekwisha kujiongezea sita. Huku kwetu kuna muuguzi aliyenyonya ziwa moja na mwanamume aliyestaafu mwaka wa elfu mbili na ishirini. Mwanamume yuko nyumbani anafuga kuku. Mwanamke bado yuko kazini, na kitambulisho chake kinasema muda wake haujafika. Sasa mimi nauliza, yale maziwa yalimngoja miaka sita?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata Mzee Mwinga aliziba mdomo kwa kofia yake. Mwanamke mmoja wa kamati alikuwa akiandika kwenye kompyuta, na nilimwona akisimama, akimuuliza mwenzake kitu, kisha akiandika tena. Nilirudi ukutani nikipigwapigwa mgongo na mabega. Nilijisikia mtu. Nilikaa miaka mitatu bila kujisikia mtu, na ile raha nilijua kabisa inatoka wapi, nikaichukua hivyo hivyo.

Sikutaja jina. Hilo ndilo nililojifichia baadaye. Lakini kwetu, kijijini nje kidogo ya Msambweni, jina lilikuwa halihitajiki. Yule mwanamume anayefuga kuku ni Ami Suleiman, na alipozaliwa, mama yake alikufa siku ile ile. Nyanya yangu, mzaa baba, alikuwa na mtoto wa siku arobaini kifuani, naye ndiye shangazi Ummulkheir. Akamchukua yatima akampa ziwa la pili. Wakakua hivyo, na kwa sheria ya dini yetu wakawa ndugu, sawa na waliotoka tumbo moja. Jambo la namna hiyo kwetu halifichwi. Hutangazwa makusudi, tena hurudiwa mbele ya watoto, ili asije mtu akaoa asiyemfaa. Kwa hiyo mtu yeyote wa pale, ukimwambia muuguzi na ziwa moja, ameshafika mlangoni kwetu.

Na mlango huo ndio ulionilea. Baba alifariki nikiwa na miaka tisa, mama akaolewa Waa, nami nikabaki kwa shangazi. Yeye hakujaliwa mtoto, na mumewe alishatangulia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji, na nusu ya watoto waliosoma nami ni yeye aliyewapokea duniani. Ami Suleiman alikuwa karani wa ofisi ya ardhi kule Kwale. Alipostaafu kwa kutimiza sitini, shangazi alikuja nyumbani na fomu ya kuacha kazi mapema kwa hiari. Aliniambia wazi kwamba wakati wake pia umefika, kwamba karatasi zinasema vingine lakini magoti yake hayajui kusoma. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Aliitazama fomu siku mbili tatu, kisha akaitia kabatini. "Tukimaliza chuo," alisema, kama kwamba na yeye atakaa kwenye mtihani.

Hayo yote niliyajua nilipokuwa nimeshika kipaza sauti. Watu wakinitetea husema labda sikujua. Nilijua.

Mtu alinirekodi, bila shaka. Video ikaenda kwenye vikundi vya WhatsApp vya Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga. Nilijipa moyo kwamba shangazi hana muda wa vikundi, kwamba simu yake ni ya kupigiwa na wajawazito. Siku kumi na moja baadaye alirudi kutoka kazini na sare yake, akaweka bahasha mezani, akanawa mikono, akaketi. Barua ilitoka kwa mwajiri. Ilimtaka ajieleze ndani ya siku ishirini na moja kuhusu umri wake halisi, na ilisema kwamba akipatikana amevuka sitini akiwa kazini, malipo yake ya uzeeni yatazuiliwa. Miaka thelathini na minane ya kazi ilikuwa imening'inia kwenye karatasi moja.

"Wanasema kuna mwananchi ametoa taarifa hadharani," alisema.

Hakuuliza ni mwananchi gani. Alinisogezea sahani ya mihogo, nikaila, maana kutokula kungenifichua. Kila tonge nililisukuma kwa maji.

Nilijaribu kumwambia. Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza hadi karibu na zahanati nikiwa nimepiga moyo konde, na maneno nimeyapanga. Njiani tukakutana na mama mmoja mwenye mimba ya kwanza, akamsimamisha, wakashikana mikono, na shangazi akaanza kumuuliza kama miguu bado inavimba. Nikangoja wamalize. Walipomaliza tulikuwa tumefika, akaniambia niende kibaruani nisichelewe. Mara ya pili alinitangulia yeye. Alikuwa akishona kifungo cha shati langu, akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba vijana wana haki ya kukasirika, kwamba mtu hawezi kusomeshwa kazi halafu akawekwa nje ya mlango kama viatu. Alisema kama angekuwa na umri wangu angepiga kelele kuliko wote. Baada ya maneno hayo ningesema nini? Ningemwambia ndiyo, nimepiga kelele, na umenisikia? Nikasema asante ya shati.

Siku ya kumi na tano tangu barua ifike, Ami Suleiman alikuja baada ya sala ya alasiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, nikaelewa kwamba video ameiona. Hakunisema. Aliketi barazani, akaanza kueleza mpango wake kwa shangazi taratibu, kama karani anayempitisha mtu kwenye hati ya shamba. Ushahidi wote dhidi yake, alisema, ni maziwa. Cheti cha kuzaliwa hakuna, wazee waliokuwepo wamekufa wote, na kitambulisho kinasema elfu moja mia tisa sitini na sita. Basi yeye atakwenda kwa wakili Ukunda na kula kiapo kwamba habari ya ziwa moja ni hadithi ya watu, kwamba alinyonyeshwa na mwanamke mwingine wa kwao, na kwamba Ummulkheir alizaliwa yeye akiwa tayari anakimbia. Shangazi aweke sahihi yake chini ya hati hiyo hiyo. Barua itajibiwa, mwaka uliobaki utakwisha, na mafao yatatoka.

Kazi ya kuandika alinipa mimi, kwa kuwa nimesoma. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika. Nilijiambia Mungu amenifungulia njia, kwamba nitayarudisha niliyoyatoa mdomoni na hakuna atakayeumia. Nikamletea shangazi karatasi na kalamu.

Alivaa miwani akasoma. Alisoma polepole, akarudia. Kisha akaiweka karatasi juu ya mapaja yake, akamgeukia Ami Suleiman.

"Mama alipokufa, nani aliingia kaburini kumpokea?"

Ami akasema ni yeye na marehemu baba yangu.

"Uliingia kama nani?"

"Kama mwanawe."

"Na mume wangu alipokufa nikakaa eda miezi minne na siku kumi, wanaume wote wakakatazwa mlango huu, wewe uliingia kama nani? Uliniletea unga, ukakaa hapo ulipokaa sasa, nami kichwa wazi. Uliingia kama nani?"

Ami Suleiman aliinamisha kichwa. Ni mtu mkubwa, mwenye mabega mapana, na nilimwona anapungua.

"Ukila kiapo hiki," shangazi alisema, "kwangu unakuwa mtu baki. Nitajifunika nikikuona. Miaka sitini na mitano yote niliyokaa nawe inakuwa dhambi, yako na yangu. Na mimi sina mume wala mtoto wa kiume. Siku yangu ikifika, atakayenipokea kaburini ni wewe na huyu Swabir, mtoto wa ndugu yangu. Maziwa ya mama yangu siyakani kwa ajili ya pensheni."

Ami alijaribu tena. Alisema Mwenyezi Mungu anajua nia, kwamba kiapo cha kumwokoa mtu si kama kiapo cha dhuluma. Alikuwa analia, naye hafichi kilio, lakini shangazi alimjibu kwamba Mwenyezi Mungu anajua na maziwa pia. Akaikunja ile karatasi mara nne, akanirudishia mimi, wala hakuichana. Afadhali angeichana.

Kisha akaniambia nichukue karatasi nyingine. Akaniambia niandike atakavyosema, nisitie langu.

Nikaandika. Nikaandika kwamba alianza shule amechelewa, kwa kuwa baba yake aliona wa kiume watangulie. Kwamba alipofaulu akataka chuo cha uuguzi, aliambiwa waliozidi miaka ishirini na miwili hawapokelewi, naye alikuwa na ishirini na minne. Kwamba baba yake alikwenda kwa chifu wa wakati ule, akarudi na umri mpya wa miaka kumi na minane, nao ukaingia kwenye kitambulisho, na kutoka kwenye kitambulisho ukaingia kila mahali. Kwamba hakuiomba ile miaka sita lakini aliijua, na alipotimiza sitini za kweli alinyamaza akaendelea na kazi. Hapo kalamu ilisimama. Nilingoja aseme ni kwa sababu gani alinyamaza. Nilitaka aseme. Nilitaka niliandike jina langu mwenyewe pale, kwa mkono wangu, lisomwe ofisini.

"Andika kwamba sina la kujitetea," alisema.

Nikaandika hivyo. Akatia sahihi, akaupuliza wino kwa mazoea ya zamani, akaenda kukaanga samaki. Ami Suleiman na mimi tulibaki barazani. Aliponyanyuka kuondoka ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. Akaniambia kwamba yeye hatasema neno, kwamba la kusema ni langu. Nikamwambia nitasema. Nikamwambia kesho.

Kesho hiyo haikufika. Shangazi alikabidhi funguo za zahanati mwisho wa Aprili. Barua ya kumwondoa ilisema mafao yake yamezuiliwa hadi suala lake litakapoamuliwa, na aliyeipokea hiyo barua mlangoni ni mimi. Siku ya funguo nilikwenda kumbebea vitu vyake, navyo vilienea ndani ya kapu moja. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na watoto wao walisimama wote. Mmoja aliuliza kwa sauti ni nani hasa aliyemfanyia Mama Muuguzi hivi, na mwenzake akamkanyaga mguu. Walinitazama, wakatazama chini. Shangazi alikuwa akiwaaga mmoja mmoja, akiwakumbusha tarehe zao za chanjo.

Nikawa naishi ndani ya nyumba hiyo kama mwizi ambaye mwenye nyumba anamwandalia chakula. Nilimletea matunda. Nilizibua mfereji, nikapaka chokaa choo, nikashinda njaa siku mbili za wiki nikiita ni saumu ya sunna. Alinisifu. Aliwaambia majirani nimekuwa mtu mzima. Kila sifa iliniingia kama msumari, nami nikazidi kufanya kazi ili nipate nyingine, sijui kwa nini. Labda nilidhani nikichomwa vya kutosha nitasema.

Mswada wenyewe, kwa taarifa ya anayetaka kujua, ulirudishwa ukaandikwe upya. Kalama aliniletea habari hiyo akicheka, akasema tumeshinda. Nilimwambia anipishe.

Mwezi wa Julai nafasi ikatangazwa. Muuguzi mmoja, zahanati ile ile. Niliona tangazo nikanyamaza, lakini shangazi alikuwa ameshalisikia kwa wanawake, akaniambia nipeleke karatasi zangu. Nikasema sitaki. Nikasema nitatafuta mbali, Samburu hata, Kinango, popote. Akakasirika, na si mtu wa kukasirika. Alisema pale kuna wanawake thelathini na wawili wenye mimba anaowajua kwa majina, na tangu Aprili wanapanda bodaboda hadi hospitali kubwa na uchungu wao. Alisema ile kazi haijawahi kuwa yake, kwamba alishikilia tu, na sasa zamu imefika kwa mwenye umri wake. Nikaipeleka. Nikaitwa kwenye usaili. Waliniuliza kwa nini nataka kufanya kazi katika zahanati hiyo, nikajibu maneno ya kwenye kitabu, wakanichukua.

Siku ya kuripoti nilipelekwa kwenye ofisi moja kule Kwale kujaza fomu. Karani alikuwa binti wa rika langu, jina lake Yusra, naye aliipitia kila fomu kwa kidole ili nisikosee. Ya mwisho ilikuwa ya mfuko wa uzeeni. Alinieleza kwamba nitakatwa kila mwezi na mwajiri ataongeza lake, na kwamba lazima nimtaje mtu atakayelipwa mafao yangu nikifa. Jina, uhusiano, mwaka wa kuzaliwa. Nikaandika Ummulkheir. Nikaandika shangazi. Kwenye mwaka mkono ukakataa.

Yusra akasema nikiwa na shaka nipige simu tu, kwa sababu mwaka usiolingana huleta taabu mbele. Nikatoka nje kwenye varanda. Shangazi alipokea haraka, nikasikia kuna watu kwake, sauti za wanawake na mtoto mchanga. Nikamwambia nimefika, nimepokewa vizuri. Nikamwambia kuna fomu ya mafao, nimeandika jina lake, na wanataka mwaka wake wa kuzaliwa, sijui niandike upi.

Akawaambia wale wanawake wamngoje kidogo. Nikasikia mlango ukifungwa.

"Andika ule uliowaambia watu pale Ukunda," alisema. "Ule ndio wa kweli."

Nilishika ukuta wa varanda. Alingoja, akanipa muda mrefu kuliko niliostahili, nami hata hapo sikusema. Kisha akaniuliza kama nimekula.